Mguu wa Kushoto wa Karani

Mafuta ya taa yakichanganywa na mafuta ya kupikia, yale meupe ya kuganda, hutoa harufu ambayo si ya taa wala si ya jikoni. Ni nzito, ina utamu wa mbali kama wa mandazi ya jana, kisha inachoma puani. Siku hizi nikikutana nayo, mara nyingi katika chumba cha mwanafunzi anayepikia stovu karibu na kitanda, macho yangu huteremka sakafuni kutafuta miguu ya kuku. Kuku hayupo. Nimesoma sayansi, na najua kwamba pua hukumbuka mambo bila kumwomba mwenye pua ruhusa, lakini kujua hivyo hakujanisaidia. Naisikia harufu hiyo na mara moja niko nyuma ya jiko letu kule Gakindu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nina umri wa miaka tisa, nimechuchumaa juu ya gunia, na mapajani mwangu amelala kuku wa kahawia mwenye madoa meupe shingoni, kichwa chake kimefunikwa kwa kitambaa ili atulie.

Kuku huyo aliitwa Karani. Jina nilimpa mimi, kwa sababu alipokuwa akichakura chini ya mibuni alikuwa akipiga mistari mitatu, anarudi nyuma, anatazama, halafu anadonoa mara moja, sawa kabisa na karani wa kiwanda cha kahawa anayeandika uzito wa gunia, anasita, kisha anatia nukta. Cucu, mama yake baba yangu, ndiye aliyenipa akiwa kifaranga. Nilikuwa binti wa kwanza, nikapewa jina lake, Wangui, na kwa hiyo yeye aliniita wajina na kunipendelea waziwazi mbele ya ndugu zangu. Kwetu kuku hakuwa mnyama wa kufugwa kwa mapenzi. Mbwa alilinda, paka alikamata panya, kuku alitaga, kisha akaliwa. Mtoto aliyembeba kuku kwapani kama mimi alichekwa. Mama hakucheka, lakini alikuwa akiniambia, "Usimzoee sana," kwa sauti ile ile aliyoitumia kuniambia nisikae karibu sana na moto.

Mwaka ule, katika mkutano wa akina mama wa kanisa, Mama alisimama akasema kwamba siku ya mavuno atatoa kuku. Siku ya mavuno watu walileta madhabahuni walichokuwa nacho, ndizi, mahindi, mayai, mbuzi kwa wenye uwezo, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa uani. Kununua kuku wa jirani na kumtoa kama wako halikuwa jambo la kufanywa. Mavuno yalitoka nyumbani. Na neno lililosemwa mbele ya akina mama, hasa mbele ya jirani yetu Mama Njoki, halikurudi nyuma. Tulikuwa na kuku watano na jogoo mmoja, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwenye manyoya ya kung'aa, alikuwa Karani. Mama hakutaja jina lake katika mkutano. Hakukuwa na haja. Aliporudi nyumbani alimtazama tu, nami nikamwona anavyomtazama.

Halafu Karani akaugua miguu. Sijui ilianza lini. Hilo bado linaniudhi, kwa maana nilimshika kila siku na nilijiona mtu wa kuangalia mambo. Nilichoona kwanza ni kwamba magamba ya miguu yake, ambayo kwa kuku mzima hulala chini na kubana vizuri, yalikuwa yamenyanyuka kingo zake. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe kama unga. Baada ya wiki kadhaa unga ule uligeuka ukoko wa kijivu, miguu ikanenepa, ikawa kama tunda kavu la msonobari. Alianza kutembea kwa kuinua mguu juu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayepita kwenye matope na hataki kuharibu kiatu. Usiku mmoja haukutosha kumfanya hivyo, wala wiki moja haikutosha. Ugonjwa ule ulikuwa wa polepole, na upole wake ndio uliotufanya sote tujione tunaujua.

Wa kwanza kuujua alikuwa Mama. Alimwinua Karani, akamgeuza kichwa chini, akakwaruza kwa ukucha, akasema, "Hii ni kutu." Ni lazima nieleze kwamba kwetu kila kitu kilipimwa kwa kahawa. Mama alikuwa na mibuni mia na ushee, na adui yake mkubwa maishani alikuwa kutu inayoshika majani ya mbuni kwa chini na kuyaangusha kabla ya wakati. Dawa ya kutu ilikuwa ile ya buluu, ya shaba, inayochanganywa na maji na kunyunyizwa kwa bomba la mgongoni. Dawa ile ilikuwa imewafaa watu wa mteremko wetu kiasi kwamba waliiamini nje ya mipaka yake. Nilimwona jirani akiipaka kwenye nguzo za ua zilizoliwa na mchwa. Nilimwona mwingine akiitia kwenye kidonda cha punda. Kwa hiyo Mama alipochovya miguu ya Karani ndani ya mkebe wa dawa ya kahawa hakuna aliyeshangaa. Miguu ikatoka buluu, ya kupendeza, na ile buluu ikafunika ukoko wote. Majirani waliopita walisema amepona. Mimi mwenyewe nilisema amepona. Siku ya tisa mvua ilinyesha mchana kutwa, Karani akashinda kwenye majani, na jioni alirudi na miguu ya kijivu, mibaya kuliko mwanzo. Tulikuwa tumetibu rangi.

Wa pili alikuwa Cucu. Yeye alisema kuku alikuwa amekanyaga mkojo wa ng'ombe kwa muda mrefu, na mkojo ulikuwa umempasua ngozi. Dawa ilikuwa utomvu wa mshubiri uliokorogwa na jivu la jikoni. Nilimuuliza kwa nini basi kuku wengine, wanaopita zizini kila asubuhi, hawajapasuka. Cucu alinitazama kwa huruma. "Wajina," alisema, "ukiendelea kuuliza hivyo, utazeeka hujaolewa." Alikuwa hajajibu swali, na nilimwambia hivyo, na Mama akaniambia nimheshimu cucu yangu. Mambo ya kwetu mara nyingi yaliishia hapo.

Ilikuwa baada ya mvua ile ndipo Mama alipotoa hukumu. Alikuwa akimenya viazi mlangoni. Karani alikuwa akipita uani kwa ile miguu yake ya matope. Mama alisema bila kuinua kichwa, "Kuku huyo akipona, ni wa kanisa. Asipopona, ni wa sufuria kabla hajawaambukiza wenzake." Nilimuuliza kwa nini asipelekwe kanisani hivyo hivyo alivyo. Akasema kuku wa mavuno hushikwa miguu, akainuliwa kichwa chini mbele ya watu wote, na mzee anayenadi humpitisha mkononi mwa kila anayetaka kumnunua. Mkono ungeyahisi magamba.

"Kwani Mungu anaangalia miguu?" niliuliza.

"Mungu haangalii," Mama alisema. "Mama Njoki anaangalia."

Nililala nikiwa na maneno yale mawili, akipona na asipopona, nikayageuza kila upande. Yote mawili yalinichukulia kuku wangu. Mtoto wa tabia nyingine angelia. Mimi nilianza kutafuta kama kuna nafasi kati yake.

Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wote wa mteremko walipelekwa kuogeshwa dhidi ya kupe, wakiruka mmoja mmoja kwenye handaki la maji ya dawa, na wenye ng'ombe wakirushiana matusi ya kirafiki kando ya uzio. Nilikuwa na ng'ombe wetu mmoja na, ndani ya kikapu, Karani. Nilikuwa nimefikiri hivi: kupe hukaa kwenye ngozi, ugonjwa wa Karani uko kwenye ngozi, dawa ya kupe ni hii hapa, tena nyingi. Nilijiona mwerevu. Sikuona kwamba nilikuwa nikifanya kosa lile lile la Mama, ila kwa dawa nyingine. Nilikuwa tayari nimemshika kwa mbawa juu ya maji yale ya rangi ya chai ya maziwa nilipokamatwa mkono.

Msimamizi wa josho aliitwa Mutwiri. Alikuwa mtu wa upande wa Meru, mwembamba, mwenye buti za mpira zilizokatwa juu. Kikuyu chetu alikisikia lakini alipenda kusema nasi kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha bara ambacho sote tulikuwa nacho.

"Wewe msichana, unataka kuua kuku?"

Nilimwambia ni dawa ya kupe, na kwamba kwetu walisema ugonjwa ni kutu.

"Hii dawa ni ya ng'ombe. Hii kuku yako itakufa kabla ufike hapo kwa geti. Lete nione." Alimchukua, akamlaza kwenye mkono kama mtoto, akapitisha kidole gumba juu ya miguu kutoka chini kwenda juu. "Ati ni kutu? Nani alisema ni kutu? Hii iko na wadudu. Ndogo sana, hata hauwezi kuona. Zinaingia chini ya magamba, zinachimba, zinakula, zinazaa huko ndani."

"Kama siwezi kuziona, wewe umezionaje?"

Wenye ng'ombe walicheka. Mutwiri hakucheka. Alifikiri kidogo, na kwa hilo nimemheshimu hadi leo. "Sijaona," alisema. "Niliambiwa na daktari ya mifugo, na mimi nikajaribu dawa yake, kuku zikapona. Sasa wewe jaribu." Akanieleza: maji ya moto kiasi na sabuni, loweka miguu mpaka ukoko ulainike. Sugua taratibu kwa mswaki mzee, usitoe damu. Kausha. Paka mafuta ya kupikia yaliyotiwa mafuta ya taa kidogo sana, ya kijiko tu, ili wale wadudu wakose pumzi huko ndani. Mafuta ya taa yakizidi yatamchoma. Rudia kila baada ya siku nne. Paka pia fito wanazolalia. "Miguu yote mbili," alisema, akiinua vidole viwili mbele ya uso wangu. "Na ile kuku ingine zote. Unasikia?"

Nilisikia. Njiani kurudi nyumbani, hata hivyo, nilikuwa nikifikiria jambo jingine. Mama alisema kutu, dawa yake ikashindwa. Cucu alisema mkojo. Mutwiri alisema wadudu wasioonekana. Nikimtibu Karani kwa dawa ya Mutwiri akapona, Cucu atasema angepona tu. Nikimtibu kwa zote mbili, sitajua ipi imemponya. Lakini Karani alikuwa na miguu miwili. Nakumbuka mahali nilipokuwa nimefika, kwenye daraja la mbao kabla ya mlima wa kwetu, wazo hilo liliponijia, na nakumbuka furaha yake. Sijawahi kupata furaha ya namna ile kanisani.

Mguu wa kulia ulipata dawa ya Mutwiri. Wa kushoto ulipata mshubiri na jivu. Yote mawili niliyafanya kwa wakati mmoja, nyuma ya jiko, kila baada ya siku nne, kwa maji yale yale na mswaki ule ule. Niliandika katika daftari la hesabu lenye miraba, upande mmoja K, upande mwingine K, nikagundua kwamba kulia na kushoto vinaanza na herufi moja, nikachora mkono unaoelekea kila upande. Kumshika kuku kwa kazi hiyo kuna ufundi wake. Ukimbana mbawa anatulia. Ukimfunika macho anatulia zaidi. Miguu ikiingia kwenye maji ya vuguvugu anafanya kitu ambacho sitaki kukiita kufurahi, kwa sababu sijui kuku hufurahi vipi, ila alikuwa akishusha shingo na kutoa sauti ndogo ndefu kooni. Ukoko uliolowa ulinuka kama soksi za mvua. Ulitoka kwa vipande vidogo, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, changa, kama ya kidole kilichotolewa bandeji.

Kufikia wiki ya tatu hakukuwa na ubishi. Mguu wa kulia ulikuwa umepungua unene, magamba mapya yakilala chini, ya manjano. Wa kushoto ulikuwa umelainika juu lakini ukoko ulirudi kila mara. Cucu alipita siku moja, akamwona Karani kwa upande wa kulia, akapiga makofi. "Mnaona mshubiri!" Sikumsahihisha. Nilikuwa na sababu.

Sababu yenyewe nilipewa na Mama siku hiyo hiyo. Alimwinua Karani, akahisi mguu mmoja, akahisi wa pili, akasema, "Anaendelea vizuri, ila hatakuwa tayari kwa mavuno. Mwache. Nitatoa jogoo." Akaingia ndani. Hakujua alichokuwa amenipa. Ile nafasi niliyokuwa nikiitafuta, kati ya akipona na asipopona, ilikuwa hii: kuku anayeendelea vizuri. Kuku anayeendelea vizuri si wa kanisa na si wa sufuria. Na nilikuwa na uwezo wa kumfanya aendelee vizuri kwa muda wowote nitakaopenda.

Jaribio langu lilikuwa limekwisha. Nilijua dawa ipi inafanya kazi. Ningeweza kuupaka mguu wa kushoto jioni ile ile. Sikuupaka. Niliendelea kuweka mshubiri na jivu, kila baada ya siku nne, kwa uaminifu mkubwa, na kuandika katika daftari, kana kwamba bado kulikuwa na swali. Fito za kulalia sikuzipaka. Kuku wengine sikuwaangalia, kwa kuwa mafuta ya kupikia niliyokuwa nikiyachota jikoni kwa siri yalitosha mguu mmoja tu, na kwa kuwa, nikisema kweli, kuku wengine hawakuwa Karani. Aliendelea kulala ufito mmoja nao, katikati, karibu na jogoo.

Jumamosi kabla ya mavuno, kama saa kumi na mbili jioni, kuku walipokuwa wakipanda kulala, Mama aliingia bandani kumchukua jogoo amfunge miguu tayari kwa asubuhi. Nilikuwa nje na kamba ya mgomba mkononi. Nilimsikia jogoo akilalamika, kisha kimya. Mama alitoka naye hadi mahali penye mwanga. Alikuwa akimpapasa miguu kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu, kama Mutwiri alivyofanya. Akanipa jogoo, akarudi ndani, akatoka na mtetea mweupe, akampapasa, akamwachilia. Akatoa mwingine. Wanne kati ya sita, tukimhesabu Karani, walikuwa na magamba yaliyonyanyuka, na wawili waliobaki walikuwa wadogo mno kwa mavuno. Karani alikuwa wa mwisho. Mama alimgeuza kichwa chini, akaitazama ile miguu miwili pamoja, kwa mara ya kwanza bila haraka. Mmoja ulikuwa safi. Wa pili ulikuwa kama wa kuku mwingine.

"Kwa nini huu mmoja tu?"

Nilimweleza. Nilimweleza jaribio lote, na daftari, na Mutwiri. Nadhani nilitumaini kwamba uzuri wa wazo lenyewe ungenitetea.

"Tangu lini ulijua ni hii ya mafuta inayofanya kazi?"

"Wiki ya tatu."

"Na hii ni ya ngapi?"

"Ya saba."

Mama aliugeuza tena mguu wa kushoto kwenye mwanga. Halafu akauliza kwa nini, nami nikamwambia, "Akipona ni wa kanisa. Asipopona ni wa sufuria. Ulisema wewe."

"Nilisema," Mama alikubali. Hakunipiga. Alinisogelea, akashika kidole changu gumba, akakipitisha juu ya mguu wa jogoo niliyekuwa bado nimemkumbatia, polepole, gamba kwa gamba, kisha akakipeleka kwenye mguu wa kushoto wa Karani, na huko akakiacha. "Hisi," alisema. Karani aliuvuta mguu. Kwa wiki saba nilikuwa nimeushika mguu ule mara nyingi kuliko mtu yeyote, nikautazama, nikauandika, na jioni ile ndiyo mara ya kwanza niliyotambua kwamba ulikuwa unamuuma.

Asubuhi Mama alichimba nduma, yale magimbi ya kwetu, kule mtoni, akaziosha, akazipanga kwenye kiondo, tukaenda kanisani. Mzee aliyekuwa akipokea vitu vya mavuno alikuwa mcheshi, na mkononi alikuwa na orodha ya ahadi. Alipofika kwa jina la Mama alitazama kiondo, akatazama nyuma ya Mama, akatazama juu kana kwamba kuku huenda anakuja kwa mbawa.

"Mama Wangui! Kuku amegeuka nduma njiani?"

Watu walicheka. Mama Njoki alicheka kwa kichwa chote. Nilijua Mama angeweza kunigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama kando yake, na kusema mtoto ameharibu kuku kungemaliza jambo. Mama alisema, "Kuku wangu wana miguu mibaya, mzee. Nduma hazina miguu." Watu wakacheka tena, sasa upande wake, na mzee akapokea kiondo. Ila nilimwona Mama alipoketi. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwani kwa mkono mmoja, mahali ambapo hakikuhitaji kushikwa, na hakukiachia mpaka wimbo wa mwisho.

Jumatatu tulichemsha sufuria kubwa ya maji. Mama alitoa mkebe mzima wa mafuta, akatia mafuta ya taa kwa kijiko, nikamwonyesha kiasi. Tulitibu kuku wote sita, miguu kumi na miwili, tukapaka fito. Cucu alikaa kwenye kigoda akatazama bila kusema neno kuhusu mshubiri, kisha akaomba apewe mmoja amshike. Baada ya miezi miwili hivi wote walikuwa na miguu safi, isipokuwa mguu wa kushoto wa Karani. Ukoko ulitoka, lakini kucha mbili zilitoka pamoja nao, na kidole cha nyuma kilibaki kigumu, hakikujikunja tena kushika fito. Alilala chini, kwenye nyasi, tangu wakati huo. Nimejiuliza mara nyingi kama angevipoteza hata hivyo, maana ugonjwa ulikuwa umekaa muda mrefu kabla yangu. Inawezekana. Sina kuku mwingine wa kulinganisha naye. Mutwiri alipomwona Alhamisi moja alihesabu kucha, akanitazama. "Mimi nilisema miguu ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe ulisikia ngapi?"

Karani hakwenda kanisani wala kwenye sufuria. Mama hakulitaja tena jambo hilo, na mavuno yaliyofuata alitoa nduma bila kuahidi chochote mapema. Kuku wangu aliishi miaka mingi kuliko kawaida ya kwetu, akitembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, na alikufa nikiwa bwenini, kidato cha pili. Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Siwezi kudai vinginevyo.

Miaka kumi na zaidi baadaye, chuo kikuu, niliwekewa chini ya hadubini kipande cha gamba la mguu wa kuku, nikawaona. Ni wa mviringo, wana miguu mifupi ya kuchekesha, kama vifungo vya shati vilivyoota vidole. Nilifurahi kwa ajili ya Mutwiri, ambaye aliwaamini bila kuwaona na hakuona haya kusema hajawaona. Nilielewa pia jinsi jaribio langu lilivyokuwa bovu hata kama jaribio: mdudu hajui mpaka kati ya kulia na kushoto, na mguu mmoja ulikuwa ukiambukiza mwingine kila usiku. Mwalimu wetu alipofundisha kwamba lazima kuwe na kundi lisilotibiwa, ili tujue dawa imefanya nini, niliinua mkono nikauliza kundi hilo litatibiwa lini. Darasa lilicheka. Mwalimu alisema ni swali zuri, akaendelea. Sasa nafanya kazi penye vizimba vya wanyama na madaftari, na yangu huwa na safu moja ambayo wenzangu hawana. Kabla ya kuanza naandika siku ambayo tutakuwa tumejua vya kutosha. Siamini kwamba kufanya hivyo kunanifanya mwema. Ila nimeona jinsi mtu mwenye daftari safi anavyoweza kuendelea kuuliza swali alilokwisha kujibiwa, kwa sababu jibu halimfai.

Gakindu ya sasa ina duka la dawa za mifugo, na kwenye rafu zake kuna unga wa paketi ambao watu wanautumia kwa kuku, kwa kabichi na kwa viroboto wa kitandani, kama walivyotumia ile dawa ya buluu. Josho limekauka, kila mtu ananyunyizia ng'ombe wake nyumbani. Cucu hayupo. Mama ana kuku wa kisasa, weupe, wa kununuliwa, asiowapa majina, lakini wale wa kienyeji bado wako, na mkebe wa mafuta bado umekaa juu ya mwamba wa paa la jiko, umefunikwa kwa kipande cha nailoni. Nikienda likizo, kabla sijanywa chai, ananiletea mkebe na mswaki na kuku aliyeanza kunyanyuka magamba. "Miguu yote, Wangui," husema, mbele ya mgeni yeyote aliyepo, nami najifanya sijui kwa nini anasema. Nachuchumaa kwenye gunia, namfunika kuku macho, na naanza na ule wa kushoto.